Arobaini ya Daktari

Wiki 6 ni siku 42. Tangu Julai 2022, hiyo ndiyo likizo ambayo kila programu ya mafunzo ya udaktari bingwa nchini Marekani inayotambuliwa na baraza la ACGME inatakiwa kumpa daktari wake anapopata mtoto, anapougua, au anapomuuguza mtu wa kwao. Mshahara haukatwi. Haki hiyo inaanza siku ya kwanza ya kazi, na inatolewa angalau mara moja katika miaka yote ya mafunzo. Nilipoisoma kanuni hii kwa mara ya kwanza nilihesabu, nikacheka peke yangu maktabani: arobaini, na siku 2 za nyongeza. Baraza zima limekaa vikao miaka na miaka, likafika pale pale walipokuwa bibi zetu.

Kwa wanachama wenzangu ambao hawakulelewa na watu wa pwani: arobaini ninayoisema hapa si ile ya msiba. Ni siku 40 za mwanamke aliyejifungua, ambaye kwetu Tanga huitwa mzazi. Mzazi hatoki nje. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, anapewa supu na uji wa pilipili manga, na mtoto anaogeshwa na mtu mzima anayejua kumshika. Kazi za mzazi ni mbili tu, kunyonyesha na kulala. Ukiuliza kwa nini siku 40, utaambiwa dini, utaambiwa afya, utaambiwa ndivyo tulivyokuta. Jambo lililo wazi kabisa hakuna anayelitaja, kwamba arobaini haiwezekani bila nyumba yenye wanawake wengine. Yupo wa kukanda, yupo wa kupika, yupo wa kufua nepi, na yupo wa kukaa tu na mzazi ili asilie peke yake.

Kanuni ya Marekani imetoa siku. Watu haikuwatoa. Nataka kuzungumzia pengo hilo, kwa sababu klabu yetu ina wengi waliojiandikisha masomo ya kuelekea udaktari, na zaidi ya nusu yao, nikiangalia viti vya mikutano yetu, ni wasichana.

Kwanza nieleze residensi ni nini, maana wazazi wetu wengi hudhani ukimaliza shule ya udaktari umemaliza. Hapa unasoma digrii ya kwanza miaka 4, shule ya udaktari miaka 4, unaitwa daktari, halafu ndipo unaanza kufundishwa kazi yenyewe wodini. Tiba ya familia, magonjwa ya ndani na magonjwa ya watoto huchukua miaka 3. Uzazi na magonjwa ya wanawake ni miaka 4, upasuaji wa jumla 5, upasuaji wa ubongo 7. Kikomo cha kazi ni saa 80 kwa wiki, tena kwa wastani wa wiki 4, kwa hiyo wiki moja inaweza kuvuka 80 mradi nyingine ipungue. Zamu moja inaweza kufika saa 24, na juu yake hadi saa 4 za kukabidhi wagonjwa. Mshahara wa mwaka wa kwanza kwa kawaida ni dola elfu 60 na kitu. Ugawe kwa saa 80 katika wiki 50 za mwaka uone mwenyewe: ni kama dola 16 kwa saa, na wengi wanaingia wakiwa na deni la shule la karibu dola 200,000.

Hesabu ya umri ndiyo inayouma zaidi. Asiyepumzika hata mwaka mmoja njiani anaanza residensi akiwa na miaka 26 au 27, anamaliza akiwa kati ya 29 na 34. Hiyo ndiyo miaka ambayo shangazi zetu kwenye harusi hawana swali jingine la kutuuliza.

Neno residenti maana yake ni mkaazi, na mwanzoni halikuwa la mfano. Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ilifunguliwa mwaka 1889, na hapo William Osler upande wa tiba na William Halsted upande wa upasuaji wakajenga mfumo ambao hospitali nyingine ziliuiga. Daktari kijana aliishi hospitalini, akalala hapo, akala hapo, akaitwa saa yoyote. Kuoa hakukutakiwa. Halsted mwenyewe alikuwa mraibu wa kokeini na baadaye mofini. Simchafui marehemu, nasema tu kwamba utaratibu huu wa kutolala ulianzishwa na mtu ambaye mwenyewe hakuwa akiishi kwa usingizi na chakula peke yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba wanawake walikuwapo hapo hapo karibu tangu mwanzo. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins ilifunguliwa 1893 ikipokea wanawake kuanzia darasa la kwanza, na haikuwa kwa hisani. Pesa za kuifungua zilipungua, na Mary Elizabeth Garrett pamoja na wanawake wenzake wakazitafuta na kuzitoa kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawasawa na wanaume. Wakapokelewa. Ratiba ya hospitali haikubadilishwa kwa ajili yao hata kidogo.

Kwa watu weusi mlango ulifungwa kwa namna nyingine. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti yake maarufu kuhusu shule za udaktari za Marekani. Shule za watu weusi zilikuwa 7. Yeye aliona 2 tu ndizo za kubaki, Howard ya Washington na Meharry ya Nashville, na zile 5 zikafa. Mpaka leo madaktari weusi ni kama asilimia 6 ya madaktari wote wa nchi hii, huku watu weusi wakiwa karibu asilimia 13 ya wananchi. Wanawake wao wamesogea sana: tangu 2019 ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wote wa udaktari. Kwa hiyo residenti wa leo anaweza kuwa mwanamke, mweusi, mama wa mtoto mchanga, na mtoto wa wahamiaji, lakini saa anazofanya zilipangwa kwa mwanamume asiye na nyumba ya kurudi.

Hata zile saa 80 hazikuwekwa kwa ajili ya wazazi. Mwaka 1984 Libby Zion, msichana wa miaka 18, mwanafunzi wa chuo kama sisi, alifia katika hospitali ya New York akiwa mikononi mwa madaktari waliokuwa mafunzoni na waliokuwa na wagonjwa wengi usiku ule. Baba yake hakunyamaza. Jimbo la New York likaweka kikomo mwaka 1989, na nchi nzima ikafuata 2003. Kikomo kiliwekwa ili mgonjwa asiuawe na uchovu wa daktari. Mtoto wa daktari hakuwa kwenye mjadala.

Sasa nimlete dada yangu mkubwa. Yuko mwaka wa 3 wa mafunzo ya uzazi na magonjwa ya wanawake, na ameniruhusu nimwandike kwa masharti mawili: nisitaje hospitali wala jimbo, na nisimwandike kama mtu wa kuhurumiwa.

Alikofikia hakuchagua yeye peke yake. Mwombaji wa residensi hupanga programu zilizomhoji kwa mapendeleo yake, programu nazo hupanga waombaji, kisha kompyuta inaoanisha. Majibu hutoka Ijumaa ya tatu ya Machi, siku moja kwa nchi nzima, na ukishaoanishwa umefungwa. Mke na mume wakiwa wote ni waombaji wanaweza kuunganisha orodha zao ili wasitenganishwe. Mama mzazi hawezi kuunganishwa kwenye orodha ya mtu. Kompyuta ikampeleka Dada majimbo matatu mbali na Mama, kwenye mji ambao hatuna hata binamu wa mbali.

Mtoto alizaliwa Dada akiwa mwaka wa 2. Alifanya kazi mpaka wiki ya 38, akizalisha wanawake waliokuwa na mimba changa kuliko yake. Mama, ambaye anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, aliruhusiwa wiki 2 bila malipo. Shemeji alipewa wiki 1. Bibi yuko Tanga, na miadi yake ya viza ubalozini ilikuwa miezi kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa hiyo arobaini ya Dada, baada ya Mama kupanda ndege kurudi kazini, iliendeshwa kwa sauti za WhatsApp. Bibi alieleza maji yawe moto kiasi gani, taulo likamuliwe vipi, pilipili manga kiasi gani kwenye uji. Shemeji, ambaye ni mhandisi wa programu za kompyuta na mtu makini, alijifunza kufunga tumbo kwa kanga kwa kutazama video ya Bibi akimfunga mto wa kochi. Dada, aliyekwisha kuzalisha wanawake mia kadhaa kwa mikono yake, alilala akamsikiliza Bibi bila kumkosoa hata neno moja.

Siku ya 43 alirudi kazini. Wiki yake ya kwanza ilikuwa ya zamu za usiku. Alipohamia zamu za mchana, kukabidhiana wagonjwa kulianza saa 12 asubuhi, na kituo cha kulelea watoto kilifunguliwa saa 12 na nusu. Nusu saa. Hakuna kanuni ya nchi hii inayoijua nusu saa hiyo. Iliokolewa na mama mmoja wa Kisomali wa ghorofa ya chini, ambaye aliwasikia wakijadiliana kwenye ngazi, akanyoosha mikono akampokea mtoto, na kwa mwezi mzima akakataa pesa.

Lakini hilo silo lililomchosha Dada. Lililomchosha ni zamu zake za wiki 6. Yeye alikuwa nyumbani, zamu hazikwenda likizo. Darasa lao wako 6. Ukimtoa mmoja, wale 5 wanagawana kazi yake, kwa sababu hospitali haikuajiri mtu wa kuziba pengo. Wenzake hawakumlaumu, na baadhi walimletea chakula nyumbani. Ila aliporudi, sikukuu zilipopangwa, Krismasi ilimwangukia yeye na Mwaka Mpya ukamwangukia yeye, naye hakusema kitu kwa sababu alijiona mdeni. Tena katika darasa lile mweusi ni yeye tu. Mwenzake mweupe akisema amechoka, amechoka yeye. Dada anaamini, na mimi siwezi kumwambia anakosea, kwamba yeye akisema amechoka atakuwa amesema kwa niaba ya kila mtu anayefanana naye atakayeomba nafasi pale baada yake.

Hapa ndipo ninapoona kosa lenyewe lilipo. Likizo isiyo na bajeti ya mtu wa kushika zamu si zawadi ya hospitali. Ni mkopo ambao wenzako wamelazimishwa kukukopesha, na wewe unaulipa kwa riba ya kunyamaza. Nawaelewa kabisa maresidenti wasio na watoto wanaonung'unika. Wao pia wana wazazi wanaougua na usingizi unaowadai. Kuwagombanisha wao na mama wa mtoto mchanga kunamfaa mtu mmoja tu, anayepanga mishahara.

Watu wengine wameanza kulisema hili kwa pamoja. Chama cha wafanyakazi cha maresidenti, CIR, kilianzishwa New York mwaka 1957, na sasa kina wanachama zaidi ya 30,000. Mikataba wanayojadili inagusa mishahara, na mahali pengine inagusa pia likizo na gharama za malezi. Bodi za ubingwa nazo zimelegea. Kwa kuwa mtahiniwa lazima atimize muda fulani wa mafunzo, zamani likizo ya uzazi iliweza kumrudisha nyuma. Upasuaji wa jumla, kwa mfano, ulidai wiki 48 za kazi kila mwaka. Ukitoa hizo kwenye 52 zinabaki 4, na humo humo mna mapumziko yako yote. Tangu Julai 2021 bodi zinatakiwa kuruhusu angalau wiki 6 mara moja katika mafunzo bila kulazimisha kuongeza muda na bila kula likizo yako yote ya mwaka. Ni hatua ya kweli, sitaki kuidharau. Kabla ya hapo mtu wa mwaka wa kwanza hakuwa na pa kushika, kwa sababu sheria ya nchi ya 1993, inayotoa wiki 12 bila mshahara, inamtaka mfanyakazi awe ameshakaa kazini miezi 12.

Mwili nao una hesabu zake. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Surgery uliwauliza madaktari wa upasuaji wa Marekani kuhusu uzazi wao. Kati ya wanawake 692 waliojibu, asilimia 42 walikuwa wamewahi kuharibikiwa mimba, zaidi ya mara mbili ya wanawake wa kawaida. Waliosimama chumba cha upasuaji saa 12 au zaidi kwa wiki katika miezi 3 ya mwisho walipata matatizo makubwa ya ujauzito zaidi ya wenzao. Utafiti wa mwaka 2018 kuhusu waliopata mimba wakiwa katika mafunzo ya upasuaji ulikuta karibu 4 kati ya 10 walifikiria kwa dhati kuacha.

Kwa mwanamke mweusi kuna jambo jingine juu ya hayo. Takwimu za serikali za 2021 zinaonyesha kwamba wanawake weusi wa Marekani walikufa kwa sababu za uzazi kwa kiwango cha mara 2.6 ya weupe. Udaktari hauwakingi. Oktoba 2020, mjini Indianapolis, residenti mkuu wa magonjwa ya watoto, mwanamke mweusi, alifariki siku chache baada ya kujifungua kwa madhara ya kifafa cha mimba. Alikuwa na bima, elimu, na wenzake madaktari pande zote. Wakati Dada ni mjamzito hakuna aliyeitaja habari ile nyumbani kwetu, na kila mtu alikuwa ameisoma.

Kuna mzigo mwingine ambao wasomaji wa jarida hili wataujua haraka. Mji wa Dada umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, hasa Kivu, na wanawake wao wanajifungulia hospitali ile. Hospitali inayopokea pesa za serikali kuu inalazimika kisheria kuwapa wagonjwa mkalimani, na mkalimani wa simu yupo. Lakini saa 9 usiku, simu inakatika katika, mama anapiga kelele, na nesi anakumbuka kwamba kuna daktari anayeongea Kiswahili. Anaitwa hata kama mgonjwa si wake, hata kama yuko kwenye chumba kidogo akikamua maziwa. (Chumba hicho nacho ni haki: kanuni za ACGME zinataka pawe mahali safi, pa faragha, penye friji. Kanuni haisemi nani atashika peja wakati unakamua.) Mara ya kwanza mgonjwa alipomwita munganga, Dada alikaribia kucheka, maana kwetu ukisema mganga watu wanafikiria mizizi na hirizi, ingawa hata Tanzania daktari mkuu wa nchi huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Kiswahili cha Kivu kilimtoa jasho wiki za mwanzo. Anasema walimu wetu wa darasa la lahaja wangefurahi kumwona akijifunza kwa nguvu hivyo.

Kazi hiyo haimo kwenye ratiba. Haihesabiwi kwenye tathmini yake, haipunguzi wagonjwa wake mwenyewe. Mwaka 2018 jarida la JAMA Network Open lilichapisha mahojiano na maresidenti 27 kutoka makundi ya wachache, na mambo matatu yakajirudia: dharau ndogo ndogo za kila siku, kufanywa mabalozi wa rangi zao, na kuhangaika kujua uwe nani ukiwa kazini. Hilo la pili ndilo la Dada. Ila nikimwambia akatae, ananikatiza. Anasema akiingia kwenye chumba kile na kusema shikamoo kwa bibi wa mgonjwa, mabega ya watu wote yanashuka. Asingeliacha hilo kwa mshahara wowote. Anachotaka ni kihesabiwe.

Kuhusu dharau za kila siku sitaandika mengi, kwa kuwa kila mwanachama ana zake. Mtakumbuka habari ya Tamika Cross wa 2016, residenti wa uzazi kutoka Houston, aliyetaka kumsaidia abiria mgonjwa ndani ya ndege na mhudumu hakuamini kwamba ni daktari. Utafiti mkubwa wa 2019 wa maresidenti zaidi ya 7,400 wa upasuaji ulikuta asilimia 65 ya wanawake walikuwa wamebaguliwa kwa jinsia yao, na waliotajwa mara nyingi kuwabagua walikuwa wagonjwa na ndugu za wagonjwa. Ukweli ni kwamba hata baadhi ya wajomba zetu wakilazwa huuliza daktari mwenyewe atakuja lini.

Mtu anaweza kusema basi afadhali nyumbani. Kwa karatasi, ndiyo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 zenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Kenya, kwa sheria ya 2007, ni miezi 3, na baba wiki 2. Marekani haina sheria ya nchi nzima ya likizo ya uzazi yenye malipo kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Lakini hizo ni haki za mwajiriwa, na daktari anayesomea ubingwa Muhimbili au Nairobi huingia kama mwanafunzi wa chuo, mwenye ada ya kulipa au wa kumlipia, akifanya kazi wodini huku akisoma. Mwenye mimba katikati ya hayo anategemea zaidi mkuu wake wa idara na mama yake. Tofauti ni kwamba huko mara nyingi mama yake anafikika kwa basi.

Kwa wanaotoka nyumbani na kuja kufanya residensi hapa kwa viza ya J-1, mambo yanabana zaidi. Viza yao imefungwa kwenye mafunzo, na mwaka ukivuka kwa sababu ya likizo, karatasi nazo lazima zivuke pamoja nao. Bibi wa mtoto akija, huja kwa viza ya kutembelea, ambayo kwa kawaida humruhusu kukaa hadi miezi 6. Nimeona familia zinapanga mabibi kwa zamu, wa upande wa baba kwanza, wa upande wa mama baadaye, utafikiri nao ni maresidenti.

Akina baba, likizo ile ya wiki 6 ni yenu pia. Kanuni imesema mzazi, haikusema mama, na hapa neno hilo lina maana pana kuliko Kiswahili cha Tanga. Mwanamume residenti akiichukua yote bila aibu, anamwondolea mwenzake mwanamke ile alama ya kuwa ndiye pekee anayeharibu ratiba. Nisingependa kaka zetu wa klabu wasubiri mpaka waoe ndipo walifikirie.

Wanaoomba residensi mwaka huu, mahojiano huwa kati ya Oktoba na Januari. Kanuni za mchakato wa kuoanisha zinawataka wanaohoji wasikuulize kama umeolewa au unatarajia watoto, na ukiulizwa huna deni la kujibu. Wewe lakini unaweza kuwauliza maresidenti wa pale, wakati wa chakula, wakubwa wakiwa hawapo. Dada anasema usiulize likizo ni wiki ngapi, kwa sababu wote watasema 6. Uliza mara ya mwisho mtu alipojifungua, nani alishika zamu zake, na alilipwa nini. Uliza kituo cha watoto cha karibu kinafunguliwa saa ngapi na makabidhiano yanaanza saa ngapi. Uliza kama kuna mwanamume aliyemaliza wiki 6 zote. Uliza nani anaitwa mkalimani asipopatikana. Na ukiambiwa kwamba hakuna aliyejifungua kwenye programu hiyo kwa miaka 4 iliyopita, liandike hilo kwenye daftari lako kabla ya kupanga orodha.

Mwanachama mwenye swali aniandikie mimi nimpelekee Dada. Anajibu siku hizo hizo, isipokuwa wiki za zamu za usiku.